Mwigizaji Aliyejua Kufa

Habari ya kifo chake ilinikuta ndani ya basi, Jumanne mchana, nimekaa ghorofa ya juu kiti cha mbele kama mtoto, tumekwama kwenye foleni ya kuingia Hayes, huku magharibi mwa London. Binamu yangu wa Mombasa alinitumia picha kwenye simu: mzee mwembamba, nguo nyeupe, miwani mikubwa, ameshikwa mikono na wajukuu huku na huku. Chini yake palikuwa na maneno machache kwamba yule mwigizaji wa filamu za Kihindi za enzi zile amefariki nyumbani kwake, kitandani kwake, akiwa amevuka miaka tisini. Nilicheka. Nilicheka kwa sauti mpaka mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akauvuta mkoba wake karibu. Kisha machozi yakanishinda, na kituo changu kikanipita.

Ngoja nikueleze, maana wewe unanijua na hutasema nimerukwa na akili. Huyu mtu nilimwona akifa mara nyingi sana nilipokuwa mdogo. Alikufa kwa risasi, kwa homa, kwa kisu cha ndugu yake, hata kwa huzuni tupu. Mara nyingi zaidi alikufa kwa kifua. Na nilipokuwa na miaka kumi niliamini kabisa kwamba kufa kwake na kufa kwa baba yangu ni jambo moja. Zipo siku ambazo bado naamini.

Nyumbani tulikuwa watatu: Bibi mzaa baba, Baba, na mimi. Mama alifariki Mombasa nikiwa na miaka miwili, simkumbuki hata sauti. Baba alipopata kazi ya kusafisha ndege uwanjani Heathrow alituvuta huku mimi na Bibi, tukapewa fleti ya kaunsili, yaani ya serikali ya mtaa, ghorofa ya pili, vyumba viwili na jiko ambalo ukifungua oveni mlango haufunguki. Ndege zilipita juu yetu kutwa. Vioo vilitetemeka, vikombe vilitetemeka kabatini, na mazungumzo yalisimama mpaka ndege ipite, kisha mtu akaendelea pale alipoachia. Wageni walishangaa. Sisi tulikuwa tumeshazoea, hata Bibi akisali alijua kungoja.

Bibi alizungumza Kiswahili cha kwao na mimi nilimjibu kwa Kiingereza, jambo lililomkera. "Nijibu kwa lugha ya watu, mke mwenzangu," alikuwa akiniambia, maana ndivyo alivyonitania. Baba naye, kwa tulivyojua, Kiingereza chake kilikuwa cha kazini tu: yes boss, finish, no problem. Kwa hiyo mambo yote ya karatasi yalikuwa yangu. Barua zikidondoka mlangoni, mimi ndiye niliyezifungua na kuzisoma mbele ya Bibi na Baba kwa Kiswahili. Za umeme, za shule, za kaunsili. Nilikuwa waziri wa mambo ya nje wa nyumba ile, na nilijivuna kweli kweli.

Kila Ijumaa jioni tulikwenda dukani. Mwenye duka alikuwa Mhindi wa Mombasa, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, aliyeuza unga wa dengu, pilipili, ndizi mbichi na mihogo, na nyuma, penye pazia la shanga, aliweka rafu za kanda za video za kukodisha. Alimheshimu Bibi kuliko wateja wake wote. "Mama, shikamoo. Leo nimekuwekea ile ya kijana wako." Bibi aliitikia marahaba kama malkia, akapokea kanda, akaificha ndani ya buibui. Tulirudi nyumbani na kachori za moto ndani ya karatasi iliyokuwa ikilowa mafuta, na mimi nikinyonya vidole njia nzima.

"Kijana wako" ndiye huyo mwigizaji. Bibi alimwona mara ya kwanza kule Mombasa, akiwa mwari, katika maonyesho ya mchana ya wanawake peke yao, wakati ukumbi mzima ulijaa mabuibui na kashata na vilio. Alisema siku hiyo yule kijana alitoka nyuma ya mlango akiwa na kinanda begani, na wanawake wote wakavuta pumzi pamoja. Tangu hapo alikuwa wake. Hata alipokuja kuigiza wazee wenye mvi za unga, Bibi alimwita kijana wangu.

Mimi maisha yake niliyaona vululuvululu. Wiki hii yeye ni babu wa bi harusi, wiki ijayo ana nywele nyeusi zenye mafuta na anaimba chini ya mvua, wiki ya tatu ni hakimu mwenye gauti. Kanda zilifika dukani bila mpangilio. Bibi ndiye aliyezipanga. Akitazama kidevu tu alijua: "Hii kabla hajaoa." "Hii baada ya kufiwa na ndugu yake, tazama macho." Mwenye duka naye alijua mengi, akimpimia Bibi dengu alikuwa akisimulia. Ndiye aliyetuambia kwamba mwanzoni yule kijana alikuwa mchekeshaji, mtu wa kuanguka kwenye matope na kukimbizwa na kuku. Kisha akapewa filamu moja ambayo ndani yake anakufa polepole, na watu wakatoka ukumbini wamebebana. "Basi, Mama," mwenye duka alisema, mkono umesimama na kikombe cha dengu hewani. "Walipojua anajua kufa, hawakumwacha aishi tena." Miaka ishirini alikufa. Alizeeka akifa. Mwishoni, walipopata wengine wa kufa badala yake, filamu zake za mwisho hata kutembea hakutembea: alikuwa picha ya marehemu ukutani, imevishwa shada la maua, na kijana mwingine anasimama mbele yake kulalamika.

Picha hiyo ya ukutani niliiogopa. Macho yake yalikuwa yakitazama pembeni kidogo, kama mtu aliyesikia mlango.

Sasa nikwambie desturi ya Bibi, kwa sababu ndiyo iliyotuponza. Bibi hakutazama mwisho. Zamani, katika ujana wake, alikaa mpaka taa zinawashwa na akalia na wenzake na akafurahia kulia. Lakini alipomzika babu, kisha akamzika mama yangu, alisema macho yake yameshiba. Ikawa sheria ya nyumba. Tunakaa kitako Jumamosi mchana, Bibi kwenye kochi na miguu juu ya kigoda, Baba chini kwenye zulia kama siku hiyo hana zamu, mimi katikati na rimoti, kwani rimoti ilikuwa kazi yangu. Chai ya tangawizi, viazi vya karai, ukwaju. Filamu inakwenda, Bibi anatueleza wanasema nini, maana Kihindi alikijua cha filamu na maandishi ya Kiingereza chini ya picha hayakuwepo. Mpaka yule kijana anapotoa kitambaa mfukoni.

"Zima, zima! Yuwakohoa!"

Nami nazima. Palepale. Kisha Bibi anajiweka sawa, anakunywa chai funda moja, anatusimulia mwisho kwa mdomo wake. Yule kijana alikwenda milimani akapata hewa nzuri. Alipona. Yule msichana alimngojea. Walioana, wakazaa watoto saba, wa mwisho wakamwita jina la bibi yake. Alisimulia vizuri sana, kwa nguo na vyakula vya harusi, hata Baba alikuwa akiuliza maswali. "Na yule mjomba mbaya?" Bibi anamtazama. "Yule alikufa kwa wivu." Baba anacheka. Na mimi, nisiyejua Kihindi hata neno, niliamini kwamba filamu zote ziliishia hivyo, na kwamba Bibi anazima kwa kuwa tu hapendi kumwona kijana wake akiumwa.

Kanda ilitakiwa irudishwe mwanzo kabla ya kupelekwa dukani, la sivyo mwenye duka alinuna. Kazi hiyo pia ilikuwa yangu, Jumapili mchana, Bibi akiwa amelala kidogo baada ya kula. Jumapili moja, badala ya kubonyeza kitufe cha kurudisha nyuma, nilibonyeza cha kwenda mbele. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kuona harusi.

Hapakuwa na harusi. Yule kijana aliigiza karani wa posta katika mji mdogo wa mvua. Alikohoa kwenye kitambaa, akakitazama kitambaa, akakikunja vizuri akakitia mfukoni. Nje watu walikuwa wamepanga foleni wakigonga dirisha wapewe barua zao. Akajilaza juu ya magunia ya barua. Wakaendelea kugonga. Kamera ilikaa usoni pake muda mrefu kupita kiasi, na macho yake hayakufumba, na wale watu bado wanagonga, kisha maandishi ya Kihindi yakapanda juu na muziki. Dakika kumi kwa jumla. Nilibaki nimekaa, ndege ikapita, vikombe vikatetemeka. Niliona baridi mpaka kwenye meno.

Ungedhani niliacha. Nilitazama kila mwisho uliofuata, Jumapili baada ya Jumapili, sauti nimeipunguza kabisa. Alikufa katika zote. Nilimtazama Bibi akiamka na kujifunga leso yake, nikamwona kwa mara ya kwanza kama mtu anayejua kudanganya, na sikumwambia. Lakini kichwani mwangu nilijenga hesabu yangu ya kitoto, na hesabu hiyo ndiyo nataka uielewe. Kifo kilikaa kwenye dakika kumi za mwisho. Usipozicheza, hakitoki. Bibi alikuwa akimwokoa yule mtu kila Jumamosi kwa kuzima, na mimi nilikuwa nikimuua kila Jumapili kwa kuwasha.

Baba alianza kukohoa msimu ule majani yalipoanguka.

Mwanzoni kilikuwa kikohozi cha kawaida, cha mtu aliyetoka nje na jasho. Bibi alimchemshia tangawizi na asali, akamsugua kifua kwa mafuta ya karafuu, akamfunga kitambaa cha sufu shingoni. "Baridi ya nchi hii haina adabu," alisema. Kikaja kikohozi kingine, cha chini, kikavu, ambacho Baba alikitolea bafuni akiwa amefungua bomba la maji ili tusisikie. Tulisikia. Bibi aliongeza sauti ya televisheni. Mkanda wa suruali yake Baba aliutoboa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Jumamosi tukitazama filamu yeye ndiye aliyekohoa kabla ya kijana wa Bibi, na mara mbili tatu kidole changu kilikwenda kwenye rimoti chenyewe. Bibi alimimina chai. Nilikuwa nikitazama mkono wa Baba kuona kama utaingia mfukoni kutafuta kitambaa.

Niliacha kutazama miisho. Niliapa. Nilirudisha kanda mwanzo nikiwa nimefumba macho, kana kwamba mtu angeweza kuniona. Haikusaidia.

Msimamizi wake wa kazi ndiye aliyemlazimisha kwenda kwa daktari, akamwambia asirudi kazini bila karatasi. Baba aliniombea ruhusa shuleni nikamkalimanie. Siku hizo lilikuwa jambo la kawaida, nusu ya watoto wa darasa langu walikuwa wakalimani wa wazazi wao. Nilivaa koti langu zuri. Daktari wetu wa mtaa alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi, mpole, aliyempima Baba kifua mbele na nyuma, akamwambia avute pumzi, atoe, avute tena. Akauliza tangu lini. Akauliza kama kuna damu. Nikamwuliza Baba kwa Kiswahili, Baba akatazama sakafu akasema, "Kidogo. Mwambie kidogo."

Nikamwambia. Yule daktari aliacha kuandika.

Kisha akanigeukia mimi, akazungumza polepole, kama mtu anayempa mtoto kikombe kilichojaa. Alisema ana wasiwasi. Alisema huenda kuna kitu kibaya kwenye pafu. Alisema Baba lazima aende hospitali wiki hiyohiyo au inayofuata, barua itakuja haraka, na asikose, asingoje hata kidogo. Akarudia: asingoje. "Can you tell Daddy that for me?"

Nilielewa kila neno. Hilo sitalificha, sikukosea lugha. Nilimgeukia Baba, na nilichokiona ni yule karani amejilaza juu ya magunia. Hospitali ndiyo dakika kumi zenyewe. Nikafungua mdomo nikasema, kwa Kiswahili kizuri ambacho Bibi angejivunia: "Daktari asema ni kifua cha baridi. Upumzike, unywe vitu vya moto, utapona. Wataleta barua ya kupigwa picha, lakini si ya haraka."

Baba alinitazama. Alinitazama muda mrefu mpaka nikadhani nimefanya kosa la sarufi. Kisha akavaa koti lake, kifungo kimoja kimoja, akasema, "Haya. Mwambie ahsante."

Barua ilikuja baada ya siku nne. Nilisimama mlangoni bado nina sare ya shule, nikaisoma, Jumatano ijayo saa nne asubuhi. Nikaenda sebuleni nikawasomea Bibi na Baba kwamba hospitali imejaa, watamwita baada ya Idi. Bibi akasema Alhamdulillahi, kama ni jambo la kungoja basi si kubwa. Baba aliomba aione barua. Akaishika mbele ya macho, akaigeuza, akaitazama nyuma ambako hakukuwa na kitu, akanirudishia. Ya pili ilikuja na maneno mazito zaidi. Hiyo sikuisoma kwa mtu. Niliikunja nikaitia ndani ya kitabu changu cha hesabu, na kila nilipofungua hesabu nilikuwa nikiiona.

Wiki hizo nyumba ilikuwa na amani ya ajabu. Nakumbuka harufu ya mahamri, hiliki, madirisha yameloa mvuke. Nakumbuka Baba akicheka. Kwa karatasi ya yule daktari wa mtaa alipewa kazi nyepesi ya kupanga vitambaa vya viti, na alirudi mapema, akanisubiri kwenye geti la shule, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Tulitembea pole kwa sababu pumzi ilikuwa ikimkatika. Kila kona alisimama, akajifanya anatazama ndege ikishuka, ananiambia hii imetoka wapi. Singapore. Nairobi. Nilikuwa nimefurahi, na chini ya furaha kulikuwa na kitu kinagonga, kinagonga, na sikutaka kujua ni nini.

Wiki ya tisa alianguka kazini, ndani ya ndege, kati ya safu za viti. Ambulensi ikampeleka hospitali. Mwalimu alikuja darasani kuniita, na kabla hajasema kitu nilikuwa nimeshasimama.

Hospitalini hawakunitumia mimi. Walikuwa wameleta mkalimani wao, mama wa Kitanzania aliyevaa beji na viatu vya raba, aliyezungumza Kiswahili safi kisichopinda huku wala huku. Bibi alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili, Baba amelala juu ya mito mitatu. Daktari mkubwa, mwanamume mrefu, alisema maneno yake, na yule mama akayageuza yote bila kuongeza sukari. Uvimbe. Umesambaa. Hauwezi kukatwa. Sijawahi kusikia Kiswahili kikali namna ile. Bibi alikuwa ameshika ncha ya shuka, anaikunja, anaikunjua.

Kisha daktari akatazama faili lake. Akauliza, kwa Kiingereza, kwa nini mgonjwa hakuja alipoitwa, maana aliandikiwa barua mara mbili.

Mkalimani alivuta pumzi ageuze. Hakuwahi. Baba alijibu kabla hajafungua kinywa, kwa Kiingereza, macho yake yako kwa daktari: "My daughter, she tell me. Everything she tell me, correct. Me, I don't come. I am afraid."

Nilitazama vidole vyangu. Alikuwa ameelewa swali. Basi alikuwa ameelewa na yale ya yule daktari wa nywele fupi, neno kwa neno, akiwa amekaa pale anavaa koti, kifungo kimoja kimoja. Na zile dakika alizoishika barua. Alikuwa anaisoma.

Ndani ya basi la kurudi nyumbani Bibi aliniuliza, "Zile barua zasemaje hasa?" Nikamwambia. Nilimwambia yote, na ya kwa daktari, na ya kanda za Jumapili, nikilia mpaka abiria wakageuka. Nilitaraji kofi. Bibi alitazama nje, taa za maduka zikimpita usoni, akasema, "Ni mimi niliyekufunza." Ijumaa iliyofuata hakwenda dukani, wala nyingine, wala nyingine.

Baba aliishi wiki saba pale wodini. Nilikwenda kila siku baada ya shule. Alikuwa akinitaka nimsimulie ya darasani, nani kapigana na nani, chakula cha mchana kilikuwa nini. Hatukuzungumza lile jambo. Nilikuwa nikijiambia kesho nitamwomba radhi, na kesho yake alikuwa amechoka, au Bibi alikuwepo, au nesi alikuja na dawa. Nilikuwa mwoga. Bado ni mwoga, nilirithi.

Lakini siku moja, kumebaki siku chache ingawa sikujua, Bibi alikuwa ameteremka kuswali na Baba alifungua macho akaniona. Nilikuwa nafanya hesabu juu ya kitanda chake. Aliweka mkono wake juu ya daftari langu, mkono uliokuwa mifupa mitupu, joto kama mkate.

"Siku ile kwa daktari," alisema. "Ulinitafsiria vizuri sana, mwanangu."

Nilikuwa na miaka kumi. Nilisema ahsante. Nikarudi kwenye hesabu zangu.

Mimi sasa nimempita umri Baba. Bibi tulimzika makaburi yaleyale alikozikwa Baba, akiwa amekataa katakata kurudishwa Mombasa. Duka lilifungwa zamani, mwenye duka sijui alikokwenda, na ile fleti inakaliwa na watu wengine ambao nadhani nao wameshazoea kungoja ndege ipite. Niliwahi kumwuliza daktari mmoja, mtu wa makamo ninayemwamini, kama wiki tisa zingebadilisha kitu. Akafikiri kwa uaminifu, akasema labda zingemwongezea muda, labda zisingemwongezea, hakuna ajuaye. Hilo nimejifunza kuishi nalo. Lisilonitoka ni mkono ule juu ya daftari. Huenda alikuwa akinisamehe, na huenda alikuwa akinishukuru kwa zile wiki tisa tulizotembea pole kutoka shule, na mtu pekee aliyejua alikuwa hapo mbele yangu, ananitazama, ananingoja niulize, na mimi nikasema ahsante.